Ainisho la Wakazi wa Nyumba Namba 123: Manyoya, Mikono na Kasoro katika Sesame Street

Tatizo la utafiti

Tangu tarehe 10 Novemba 1969, siku Sesame Street ilipoonekana kwa mara ya kwanza kwenye televisheni za Marekani, watoto wamekuwa wakipewa zoezi moja lisilochakaa. Vitu vinne vinawekwa mbele yako. Vitatu ni ndugu, cha nne kimejipenyeza. Kitafute kabla wimbo haujaisha. Kwa zoezi hilo vizazi vimefundishwa kutenga viatu na kofia, herufi na tarakimu, mraba uliojificha katikati ya maduara, na kuondoka hapo na imani kwamba kila kitu duniani kina fungu lake.

Walimu wenyewe, je? Ni nadra kumkuta mtu aliyewageuzia kibao vikaragosi wale, akawapanga mbele yake wanne wanne na kuuliza nani ndugu wa nani. Makala hii inakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma, ambalo, kwa kadiri ilivyofahamika, halijamkosesha mtu usingizi. Vikaragosi wamepewa humu upatanisho wa viumbe wenye uhai. Mhariri atakayepinga amfuate Oscar, kikaragosi mkazi wa pipa la taka, wakajadiliane.

Usuli

Mwanzo wa jambo lote ni chakula cha usiku. Mwaka 1966, nyumbani kwa Joan Ganz Cooney mjini New York, Lloyd Morrisett wa shirika la Carnegie alisimulia kwamba binti yake mdogo huamka alfajiri na kuketi mbele ya televisheni kabla vipindi havijaanza, akiikodolea macho ile picha ya kupimia mitambo. Mtoto anayeweza kutazama mistari isiyosema kitu, Morrisett aliuliza, hawezi kufundishwa na chombo hicho hicho? Mashirika ya Carnegie na Ford pamoja na serikali ya Marekani yakatoa takriban dola milioni 8. Shabaha ilikuwa mtoto wa familia maskini, hasa wa mijini, aliyekuwa akiingia darasa la kwanza akiwa tayari ameachwa nyuma.

Gerald Lesser, mwanasaikolojia wa Harvard, akakusanya wataalamu wa malezi na elimu. Walijua kwamba watoto wale hawajui alfabeti lakini wameshika nyimbo za matangazo ya bia neno kwa neno. Basi herufi zikauzwa kama bia. Kila kipindi kikatangazwa kuwa kimedhaminiwa na herufi fulani na tarakimu fulani, na kazi ya vikaragosi akapewa Jim Henson, kijana aliyekuwa akijipatia riziki kwa kuwafanya wauze kahawa.

Wataalamu walitoa onyo moja: vikaragosi wasichanganywe na watu halisi mtaani, watoto watashindwa kutofautisha ndoto na kweli. Onyo likafuatwa. Mwezi Julai 1969 vipindi vya majaribio vikaonyeshwa kwa watoto wa Philadelphia. Mtafiti mkuu, Edward Palmer, alikuwa na mbinu ya kikatili. Kando ya televisheni aliweka mashine ya kuonyesha picha zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, kisha akahesabu ni lini macho ya mtoto yanahama. Vikaragosi walipokuwa kwenye skrini, macho yalitulia. Watu wazima walipoanza kuzungumza mtaani kwa upole na busara, macho yakahamia ukutani.

Binadamu, kwa lugha ya mitihani, walifeli. Onyo likawekwa kabatini, na Henson akaletwa kutengeneza wakazi wawili wa kuishi humo humo mtaani: Big Bird, ndege wa manjano mwenye urefu unaokaribia mita mbili na nusu, na Oscar, jitu la manyoya linaloishi katika pipa la taka. Tutarudi kwenye kufeli huku, maana ndiko kwenye siri.

Mapitio ya maandishi

Yapo mengi. Karibu yote yanauliza kama watoto walijifunza kusoma. Hayaelezi kwa nini kikaragosi Bert anapenda njiwa.

Jaribio la kwanza: rangi

Mtafiti mvivu huanza na rangi, kwa sababu huhitaji kuinuka kitini. Cookie Monster, zimwi la biskuti, na Grover ni bluu, basi ni ndugu. Kermit yule chura na Oscar ni kijani, basi ni ndugu. Mpango unasonga mbele vizuri mpaka unapogundua kwamba katika msimu wa kwanza Oscar alikuwa rangi ya machungwa. Msimu wa pili akatokea kijani, na alipoulizwa akasema alikwenda likizo kwenye kinamasi. Kiumbe anayebadili fungu kwa kulala mahali penye unyevu hawezi kuwa msingi wa sayansi.

Lakini kuna sababu nzito zaidi ya kuliacha jaribio hili. Mwaka 1970 tume iliyosimamia televisheni ya elimu katika jimbo la Mississippi ilipiga kura kuzuia Sesame Street isionyeshwe, kwa sababu mtaani pale Weusi na Weupe waliishi mlango kwa mlango, wakisalimiana na kununua maziwa duka moja. Baada ya siku 22 na aibu iliyoenea nchi nzima, uamuzi ukafutwa. Tume ile iliweza kuvumilia ndege wa mita mbili na nusu. Aliyeishinda ni Gordon, mwalimu Mweusi mwenye mke na nyumba.

Tena kuna kikaragosi Roosevelt Franklin. Manyoya yake yalikuwa ya zambarau, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ni mtoto Mweusi. Sauti yake ilikuwa ya Matt Robinson, yule yule aliyekuwa Gordon wa kwanza. Alikuwa mahiri, mwenye mdundo, na darasa lake lilikuwa la kelele. Baadhi ya wazazi Weusi walimpenda, wengine wakalalamika kwamba kelele zile zinathibitisha maneno ya wabaguzi, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 alikuwa ameondolewa. Kwa hiyo hata kwenye manyoya, rangi haikai pale unapoiona. Jaribio linafungwa.

Jaribio la pili: mikono

Hili lina heshima zaidi kwa kuwa linahitaji kuchungulia chini. Kikaragosi wa Henson hana miguu kwa sababu pale miguu ingekuwa yupo mtu, amesimama au amejikunja, mkono ameuinua juu ya kichwa, akitazama skrini ndogo ili aone kinachoonwa na mtoto nyumbani. Kwa kigezo hiki tunapata koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni wa Vijiti. Mkono wa kuume wa mchezeshaji umo kichwani ukifungua na kufunga mdomo, na wa kushoto unashika vijiti vyembamba vinavyosukuma mikono ya kikaragosi. Humu wamo Bert, Grover, Kermit na wengi wengine. Kwa kuwa mkono wenye nguvu uko kichwani kila wakati, wakazi wengi wa mtaa ule hushika vitu kwa mkono wa kushoto. Bibi yeyote wa pwani angeliona hilo kabla ya jambo jingine lolote, na asingekubali kupokea biskuti kutoka kwao.

Ukoo wa pili ni wa Glavu. Hapa mikono ya kikaragosi ni mikono ya watu kweli ndani ya glavu za manyoya: wa kushoto ni wa mchezeshaji mkuu, wa kulia ni wa msaidizi aliyebanwa ubavuni mwake. Ernie yumo, na Cookie Monster yumo. Ina maana kila Cookie Monster anapojisukumia biskuti mdomoni kwa mikono miwili, unatazama watu wawili wazima wakishirikiana katika ulafi wa mtu wa tatu.

Ukoo wa tatu ni wa Waliomezwa, ambao mchezeshaji yumo mzima mzima. Mkuu wao ni Big Bird. Caroll Spinney alikaa humo akiwa ameinua mkono wa kuume juu kabisa kushika kichwa, kidole cha mwisho kikiendesha kope, skrini ndogo imefungwa kifuani, na mkono wa kushoto ukichezesha bawa. Bawa la pili halikuwa na mtu. Liliunganishwa na la kwanza kwa uzi wa kuvulia samaki uliopita shingoni, kwa hiyo moja likishuka jingine hupanda. Manyoya ni ya bata mzinga yaliyotiwa rangi ya manjano. Katika ukoo huu yumo pia Bwana Snuffleupagus, mnyama wa kahawia wa aina ya tembo, ambaye anahitaji watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Yule wa nyuma anastahili utafiti wake peke yake.

Mpango ni mzuri na una ushahidi, lakini una makosa mawili makubwa. La kwanza, unamweka Ernie ukoo mmoja na Bert ukoo mwingine. Hawa wanalala chumba kimoja, wanagombana usiku mmoja, na wamebuniwa kama nusu mbili za wazo moja: huyu kichwa kimelala, yule kichwa kimesimama, huyu mistari ya sweta imekwenda ubavu kwa ubavu, yule imekwenda juu chini. Uainishaji unaowatenga Bert na Ernie unaweza kuwa sahihi, lakini hauwezi kuwa elimu.

La pili ni wale vikaragosi watupu. Walikuwepo wengi: vichwa vya rangi mbalimbali visivyo na macho, pua wala nywele, ambavyo hubandikwa sura kwa siku moja. Leo ni mama mwenye watoto, kesho ni polisi, keshokutwa ni yule mteja mnene wa bluu anayeagiza supu kwa mhudumu Grover. Kiumbe ambaye pua yake imerudishwa sandukuni jioni hana spishi.

Jaribio la tatu: kasoro

Hapa ndipo mwandishi anapoweka nadharia tete yake. Kila mkazi wa Sesame Street mwenye manyoya ni kasoro moja iliyoshonewa macho. Ukiiondoa kasoro, kinabaki kitambaa na sponji. Binadamu wa mtaa ule walifeli Philadelphia kwa sababu hawakuwa na kasoro yoyote: walikuwa wema, wenye subira, safi, na hakuna mtoto aliyeweza kuwapita kwa lolote. Lakini mtoto wa miaka minne anampita Big Bird. Anajua kitu ambacho ndege hajui, na mtoto anayejua zaidi ya mwalimu wake haangalii ukutani.

Tuanze na walafi. Cookie Monster ana nasaba ya kibiashara. Mwaka 1967 zimwi la ukoo wake lilionekana katika filamu fupi iliyotengenezewa kampuni ya IBM, likiitafuna mashine wakati mashine yenyewe inaeleza jinsi inavyofanya kazi. Mtaani amejipunguzia: biskuti, na ikibidi sahani iliyozibeba, au herufi iliyokuwa ikifundishwa. Biskuti zake hazikupikwa ili zimezwe, kwa sababu hana koo, na mafuta yangeharibu manyoya. Zinatengenezwa zivunjike vizuri. Yaani mlafi mashuhuri kuliko wote katika historia ya televisheni hajawahi kumeza kitu.

Msomaji aliyekulia kwenye hadithi za fisi na sungura atasema: huyu tunamjua. Fisi wetu pia ni tumbo lenye miguu. Lakini tazama mwisho wake. Fisi anafika njia panda, harufu ya nyama inamvuta kulia na inamvuta kushoto, anataka njia zote mbili, anapasuka msamba, hadithi imeishia hapo na mtoto analala akijua kilichompata mwenye tamaa. Mazimwi nayo huishia motoni, au matumbo yao hupasuliwa wakatoka watu wote waliomezwa. Sesame Street ililifuga zimwi halafu ikakataa kulipasua. Cookie Monster anakula leo, anakemewa kidogo, na kesho anarudi na njaa ile ile. Mwaka 2005, wakati Wamarekani wakihangaishwa na unene wa watoto wao, aliimbiwa kwamba biskuti ni chakula cha siku moja moja, na habari zikaenea kwamba amegeuzwa mla mboga. Hakugeuzwa. Alisikiliza mpaka mwisho wa wimbo, kisha akala.

Sidhani hili ni jambo dogo. Ngano zetu zinaondoa kasoro kwa kumwondoa mwenye kasoro. Watengenezaji wa Sesame Street walihitaji vipindi zaidi ya mia kwa mwaka, na huwezi kumpasua fisi kila siku asubuhi. Pengine huruma yote ile ilianzia kwenye ratiba.

Wa pili ni wanunaji, na hapa spishi ina mwakilishi mmoja tu wa kutosha. Oscar anapenda taka, mvua, kelele na siku zilizoharibika. Spinney alisema sauti ile aliipata kwa dereva wa teksi wa Bronx, aliyekuwa akimpeleka kazini. Mwandishi amejaribu kwa bidii kumhamishia Oscar kwenye mtaa wa Kiswahili na ameshindwa, si kwa sababu ya pipa, bali kwa sababu ya salamu. Kwetu mtu anaulizwa habari za nyumbani, anajibu nzuri, halafu ndipo anaeleza kwamba nyumba imeungua. Ukimwambia hujambo mtu mwenye homa ya nyuzi arobaini, atasema hajambo. Oscar akiulizwa habari, anatoa habari. Mtu wa namna hiyo asingemaliza wiki Tandale wala Kibokoni bila kuitiwa kikao cha wazee. Na huyu mkali na yule ndege mpole walikuwa sauti ya mtu mmoja, Spinney, kuanzia 1969 mpaka alipostaafu 2018.

Wahesabuji. Count von Count aliingia mwaka 1972, mnyonya damu mwenye joho, popo na jumba la kifahari, ambaye badala ya damu ana kiu ya jumla. Anahesabu chochote, radi inapiga, anacheka. Wengi hudhani ni mzaha wa jina tu, maana count kwa Kiingereza ni cheo cha ukabaila na pia ni kuhesabu, lakini imani za kale za Ulaya Mashariki zilisema kweli kwamba mnyonya damu hawezi kupita mbegu zilizomwagwa bila kuzihesabu, na waliomwogopa walimwaga nafaka kaburini ili kupambazuke hajamaliza. Kwa wazee wetu wengi hatari iko upande wa pili: anayehesabu watoto wa mwenzake au ng'ombe wake anaita husuda. Count angefika kijijini kwa nia njema kabisa, akamaliza watoto wa nyumba ya kwanza, radi ikapiga, na hapo ndipo angeelewa kwamba ametoka Ulaya.

Halafu kuna fungu ambalo Kiswahili kimelipatia jina kamili: kimbelembele. Grover ndiye. Anataka kusaidia hata pasipo shida. Alipofundisha karibu na mbali, hakuchora ubao: alikimbilia kamera akasema karibu, akakimbia mpaka mwisho wa ukumbi akasema mbali, akarudi, akaenda, mpaka akaanguka. Mtoto alielewa mara ya kwanza, na mara zote zilizofuata alikuwa akimtazama mwalimu akigharamia somo. Kama mhudumu wa mkahawa amemletea yule mteja wa bluu kila kitu isipokuwa alichoagiza. Huyu ndiye kipenzi cha mwandishi, na upendeleo huo hautachujwa na mbinu yoyote ya kitakwimu.

Bert na Ernie wana kasoro inayohitaji watu wawili. Bert anakusanya vizibo vya chupa na vibanio vya karatasi, anapenda njiwa na uji wa shayiri, na angekuwa mtu mwenye furaha kamili kama angeishi peke yake. Ernie hawezi kulala bila kusema alichokifikiria. Inatosha.

Kuhusu Elmo mwandishi atasema kidogo. Zimwi dogo jekundu lilikuwepo kabla, likipita mikononi mwa wachezeshaji bila kuelewana na yeyote, mpaka katikati ya miaka ya 1980 Kevin Clash alipolipa sauti nyembamba na mapenzi. Mwaka 1996 mwanasesere wake anayecheka akitekenywa alifanya watu wazima wasukumane madukani. Elmo ana miaka mitatu na nusu na hujitaja kwa jina kama mfalme. Kasoro yake ni ipi? Ni mtoto anayependwa, na hicho ni cheo. Tangu aliposhika usukani, nadharia ya makala hii inapata taabu, na pengine hilo ndilo linalomfanya mwandishi amwone mtoto yule kuwa na kelele.

Wasioingia kwenye fungu lolote

Ainisho zuri hujulikana kwa wanaoliharibu. Wa kwanza ni Kami, aliyeingia mwaka 2002 katika Takalani Sesame ya Afrika Kusini: msichana wa manyoya ya dhahabu anayeishi na virusi vya UKIMWI, aliyetengenezwa wakati watoto wengi wa nchi ile walikuwa wamepoteza mzazi na wengine wakikwepwa shuleni. Hakuwa na fungu, na halitatafutwa. Virusi si kasoro, na sababu yote ya Kami kuwepo ilikuwa kulisema hilo kwa kucheza na wenzake huku wakishikana mikono. Kilimani Sesame, toleo la Kiswahili lililotengenezewa Tanzania, lilifuata njia hiyo hiyo ya kwenda pale penye ugonjwa: humo watoto walifundishwa malaria na chandarua pamoja na herufi. Kabla ya hapo, mwaka 1979, Iftah Ya Simsim, yaani “Funguka, ewe Ufuta”, ilikuwa imeanza Kuwait kwa ajili ya nchi za Kiarabu. Kwa Waswahili wa Muscat jina lile, lililochukuliwa na Wamarekani kutoka kwa Ali Baba, lilirudi nyumbani likiwa limepata manyoya.

Wa pili ni Snuffleupagus, ambaye ni tatizo la ushahidi. Kuanzia 1971 alionwa na Big Bird peke yake. Mtu mzima akifika, mnyama yule mkubwa kama lori amekwisha kwenda, na ndege anabaki akiapa mbele ya watu wanaotabasamu. Kwa miaka 14 watoto nyumbani walikuwa mashahidi wasioweza kuitwa mahakamani. Kisha watengenezaji wakaanza kuambiwa jambo ambalo hawakulifikiria: mtoto anayeona kila siku kwamba watu wazima wanaoaminika hawamwamini Big Bird anaweza kujifunza kwamba hata yeye, akifanyiwa ovu, hataaminiwa. Mwezi Novemba 1985 watu wazima wakamwona Snuffleupagus. Sijui kama kuna kichekesho kingine cha televisheni kilichouawa kwa sababu nzuri kiasi hicho.

Wa tatu hakuwa kikaragosi. Bwana Hooper, mwenye duka la mtaa, aliigizwa na Will Lee, ambaye miaka ya 1950 alikuwa amefungiwa milango ya kazi wakati wa msako wa wakomunisti huko Marekani. Hooper ndiye binadamu pekee wa mwanzo mwenye kasoro ya kuhesabika: alikuwa na hasira za karibu, na Big Bird hakuwahi kulipatia jina lake. Lee alifariki Desemba 1982. Wangeweza kuweka mwigizaji mwingine, au kusema mzee amehamia kwenye joto. Waliamua kusema amekufa, na kipindi kikaonyeshwa tarehe 24 Novemba 1983, sikukuu ya Shukrani, ili wazazi wawe nyumbani. Big Bird amewachorea marafiki wote picha, anagawa, inabaki ya Hooper. Anataka kusubiri arudi ampe. Watu wazima wanamweleza, na anapouliza kwa nini iwe hivyo, hawana jibu wala hawajifanyi wanalo. Tena analikosea jina, kama kawaida yake, na safari hii anasahihishwa na watu wanaolia.

Kwa mwanataaluma, jambo la kuzingatia ni kwamba kifaa kilichotumika siku ile ni kile kile cha Philadelphia: yupo mmoja asiyejua, na mtoto nyumbani anajua kabla yake.

Dokezo kuhusu muziki

Joe Raposo na Jeff Moss waliandika nyimbo nyingi zaidi ya zinazoweza kupangwa hapa, lakini nyingi za zile zinazokumbukwa zina umbo moja: mwenye kasoro anaisifia kasoro yake. Ernie anamwimbia bata wa mpira bafuni, na mwaka 1970 wimbo huo wa Moss ulifika nafasi ya 16 katika chati za Marekani, juu ya watu wenye gitaa na machungu ya kweli. Kermit analalamikia ukijani wake mpaka anaupenda, na wimbo huo wa Raposo ukaja kuimbwa na Frank Sinatra na Ray Charles, wanaume wasiojulikana kwa kuwa kijani. Oscar anaisifu taka, na mpenzi yeyote wa taarabu ataitambua kazi ile mara moja. Mwimbaji hasemi na mtu. Anasifu chake, kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na jirani ndiye anayejua wimbo umemlenga nani. Kilichokosekana ni mtu wa kuinuka kumtunza.

Mapendekezo kwa watafiti wajao

Mosi, ule mfululizo wa katuni za mpira wa chuma unaogonga huku na huko, ambamo kina dada wa Pointer Sisters wanaimba hesabu mpaka kumi na mbili, una filamu ya namba mbili, ya namba tatu na kuendelea, lakini hakuna ya namba moja. Namba ambayo nyingine zote zina deni kwake haikutengenezewa filamu. Count ahojiwe.

Pili, ichunguzwe nani alikuwa akilipa kodi ya chumba cha Bert na Ernie, maana hakuna aliyewahi kuonekana akienda kazini isipokuwa Grover, na Grover hufukuzwa.

Tatu, biskuti. Zinavunjika kwa wingi, haziingii kooni, na zinaangukia barabara ile ile tangu 1969. Watu wazima wa mtaa hawajaonekana wakifagia kwa kiasi kinacholingana na uchafu huo, Big Bird ana mkono mmoja tu wenye mtu, na Oscar, ambaye taka ni taaluma yake, anapaswa kueleza kwa nini hajawahi kutuma ombi la makombo hayo.